Divai ya Wilbaro

Mke wangu Nyaguthii alifariki tarehe kumi na moja Februari. Kufikia Julai ya mwaka huo huo nilikuwa nazunguka mjini Nyeri nikitafuta divai nyekundu ya Australia, ya bei nafuu, ambayo ingemridhisha mwanamke nisiyemjua. Naandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu Nyaguthii ndiye aliyekuwa akinikumbushia mambo, na sasa inanibidi niyakumbuke mwenyewe.

Binti yetu Lynn alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nanyuki aitwaye Gatimu. Ruracio, ile siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa kuzungumzia mahari, ilikuwa imepangwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nyumbani kwangu Ruring'u. Nyaguthii mwenyewe ndiye aliyeichagua tarehe hiyo akiwa kitandani. Akasema isisogezwe kwa sababu yoyote, kisha akanitazama ili nijue ni sababu gani anayoisema.

Kwetu, wazee wanapobishana juu ya mbuzi, wanawake waliomsindikiza mvulana nao huwa na kazi yao. Wanaonja. Wanaonja ucuru, ule uji uliochachuka, na kutokana na uji huo wanajua msichana amelelewa na mama wa aina gani. Uji ukiwa na mabonge, mama ni mvivu wa kukoroga. Uji ukiwa mwepesi, mama ni mchoyo. Siku hizi divai nyekundu imeingia kando ya uji, na inapimwa kwa ukali ule ule.

Uji nilijua utapikwa na Shiro, dada mdogo wa Nyaguthii, ambaye ana saluni karibu na stendi. Divai sikuwa nimeifikiria hata kidogo mpaka Lynn aliponipigia simu kutoka Nairobi.

"Baba, kuna kitu kadogo nataka kukuambia."

Vitu vidogo vya Lynn huwa si vidogo.

"Sema."

"Mamake Gatimu anakunywanga waini nyekundu ya Australia peke yake. Si unajua alikaa Perth miaka mbili akilea wajukuu? Sasa kila kitu ni Perth, Perth. Juzi mvua imenyesha Nanyuki akasema si kama ya Perth."

"Na ya Perth iko aje?"

"Baba! Wacha tu. Usijisumbue. Tutawekea hao wamama soda."

"Hatuweki soda," nikasema, na nadhani nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu Lynn aliniuliza kama niko sawa.

Sikumweleza. Lakini nilikuwa nimeshasikia kichwani maneno yatakayosemwa ndani ya gari wakirudi Nanyuki. Wangesema tumewapokea vizuri, nyama ilikuwa nyingi, wazee ni wazuri, ila ile nyumba inaonekana haina mama. Wasingesema kwa ubaya. Wangesema tu, kama mtu anavyosema kuna baridi. Na mimi sikutaka yasemwe siku ya Lynn. Siku nyingine zote wangeweza kuyasema, na ingekuwa kweli.

Tatizo ni kwamba mimi divai siijui. Ni mzee wa kanisa, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa huko Mukurweini. Ninachojua juu ya kuonja ni kile nilichokiona pale kiwandani, wataalamu walipokuja kuonja kahawa yetu. Walivuta kijiko kimoja kwa kelele, wakaangalia dari, wakatema. Hakuna aliyewahi kuniambia walikuwa wanaona nini kule darini.

Mwonjaji nyumbani kwetu alikuwa Nyaguthii. Sokoni Karatina aliomba maharagwe, punje moja tu, akaing'ata mbichi mbele ya mwenye mali. Alikunywa maziwa ya watu watatu kabla ya kununua ya wa nne, na wale watatu hawakukasirika. Mimi nilikuwa nabeba kikapu.

Basi nikavaa kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikaingia duka la vinywaji mjini. Ndani nikamkuta mwalimu wa kwaya yetu. Tulisalimiana kwa uchangamfu mkubwa, tukaulizana habari za mifugo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini. Alipotoka, begi lake liligonga mlango na kulia kama kengele.

Msichana wa duka akaniuliza, "Mzee, ni ya kupikia ama ya kunywa?"

"Ni ya mama mkwe wa binti yangu."

"Woi. Pole. Bajeti?"

Wanawake wangekuwa kama hamsini, wa kwao na wa kwetu, kwa hiyo nilihitaji chupa ishirini na nne, na nilichokuwa nacho kingeweza kufika shilingi elfu moja na mia tano kwa chupa, si zaidi. Akanitolea nne zilizotoka Australia. Ya kwanza ilikuwa na kasuku mwekundu. Ya pili ilikuwa na nanga. Ya tatu ilikuwa na maandishi ya dhahabu na picha ya medali, na ndiyo iliyokuwa ya elfu moja na mia tano kamili. Ya nne, ya elfu moja mia mbili na hamsini, ilichorwa wilbaro. Wilbaro tu, kama hii ya kubebea mbolea, imesimama peke yake shambani.

"Usiweke kwa friji," akaniambia. "Nyekundu inakunywewa kwa joto ya nyumba."

Nikaandika kwenye kiganja: joto la nyumba.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, nikaita waamuzi. Mimi peke yangu sikujiamini.

Wa kwanza alikuwa Shiro. Yeye hunywa divai, lakini huichanganya na soda nyekundu, na akikosa soda, sukari.

Wa pili alikuwa Mzee Ngatia, mdogo wake marehemu baba yangu, mwenye miaka sabini na tisa, aliyetoka Gakindu asubuhi hiyo akiwa amevaa makoti mawili. Ngatia ndiye mtengenezaji wa muratina anayeitwa kila panapokuwa na ruracio kutoka Mukurweini hadi Othaya. Muratina ni pombe ya asali, na kwetu inajulikana kwamba haivumilii ugomvi. Mtengenezaji akikosana na mke wake, inachacha vibaya. Kwa hiyo Ngatia akionja pombe ya mtu anakuambia hali ya nyumba ya huyo mtu, na mara nyingi amepatia, jambo ambalo limempunguzia marafiki.

Wa tatu hakuwa wa kuonja. Athman, jirani yetu, ana bucha, na divai kwake ni haramu. Nilimtaka kwa sababu nilihitaji mtu mmoja ambaye kufikia saa kumi bado angeweza kusoma. Yeye na Nyaguthii waliteta kila Jumamosi kwa miaka ishirini juu ya mifupa kwenye mizani, na siku ya mazishi alilia kuliko ndugu zangu.

"Mimi chupa sishiki," akasema mlangoni. "Glasi pia sishiki. Karatasi nitashika. Na nyama nimekuja nayo, kilo tatu, bila mfupa. Mwambie..." Akanikabidhi mfuko. Kisha akasema, "Bila mfupa."

Ili tusidanganywe na picha, nilizivalisha zile chupa soksi zangu nne za sufu mpaka shingoni, nikamwambia Shiro azichanganye na kuzibandika namba kwa pini nikiwa nimegeuka. Shiro mwenyewe alifanya hivyo akiwa amefumba macho, na alijichoma mara mbili. Halafu akafungua kabati la vyombo na kutoa glasi ambazo Nyaguthii alizinunua mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, na ambazo tangu siku hiyo zilikuwa zinatazamwa tu.

"Dada, utatusamehe," akaliambia kabati.

Nikaweka karai katikati ya meza.

"Hii ni ya nini?" Ngatia akauliza.

"Ni ya kutema, Baba. Wataalamu wanaonja, wanatema."

Akalisukuma kidogo kwa kidole. "Mtu amelima, amevuna, amekamua, ameleta na meli. Halafu mimi niteme. Kwa nyumba ya mtoto wa ndugu yangu."

Karai likahamishiwa chini ya kiti.

Sasa, lazima niseme juu ya baridi. Ilikuwa gathano, msimu wa ukungu, na mlima hatukuwa tumeuona kwa wiki tatu. Katika nyumba yangu mwezi wa Julai maziwa hukaa mezani siku mbili bila kuharibika. Nilikuwa nimezipanga zile chupa juu ya sakafu ya saruji tangu siku iliyotangulia, ili zipate joto la nyumba kama nilivyoelekezwa.

Tukaonja namba moja. Shiro akafumba jicho moja. Mimi ulimi ulijikunja kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi.

Ngatia akameza, akaweka mkono kifuani. "Huyu alilala kwa kiti."

"Nani?" Athman akauliza, kalamu juu.

"Mwenye kutengeneza. Bibi alimfungia mlango."

"Mzee, nataka namba. Ngapi kwa kumi?"

"Andika alilala kwa kiti."

Athman akaandika.

Namba mbili. "Huyu ni tajiri," Ngatia akasema. "Lakini watoto wake hawamsalimii."

"Mimi nasikia kama dawa ya minyoo," Shiro akasema. "Ile ya zamani. Baba Lynn, kweli kuna mtu ananunua hii na pesa yake?"

Namba tatu ilikuwa baridi na kali kama nyingine, lakini Ngatia aliikalia kidogo. Akaizungusha mdomoni.

"Huyu hajakosana na mtu," akasema. "Hakuna ugomvi hapa. Ni vile amenyamaza sana. Nyumba yake imepoa."

Akanitazama. Mimi nikatazama karatasi ya Athman. Athman alikuwa ameandika: nyumba imepoa, na hakuweka namba yoyote.

Namba nne Ngatia alisema ni mwizi, na hakutaka kueleza zaidi.

Kwa hiyo baada ya saa nzima tulikuwa na mwanamume aliyefungiwa mlango, tajiri asiyesalimiwa, mtu mkimya na mwizi mmoja. Shiro akasema hakuna shida, tutaweka soda ndani ya zote. Nikasema naenda kuangalia nyama.

Jikoni nilisimama tu. Nilishika mkebe wa chumvi nikasahau nilikuwa nautakia nini. Nyaguthii angekuwa amemaliza kazi hii kwa dakika tano, akiwa amesimama, mkono kiunoni, na angenitania kwamba kazi ya mwanamume ni kufungua kizibo. Nikafikiria kumpigia Lynn na kumwambia sawa, iwe soda. Nilitoa hata simu mfukoni.

Niliporudi sebuleni nikanusa sufu inayoungua.

Ngatia alikuwa amelivuta jiko la makaa hadi katikati ya chumba na kuzipanga chupa zote nne kulizunguka, kama vifaranga kwa mama yao. Chupa zilikuwa uchi. Soksi zangu zilikuwa miguuni mwake, mbili mbili, na ncha ya moja ilikuwa inatoa moshi.

"Baba! Soksi!"

"Chupa haina miguu," akasema. "Mimi niko nayo."

"Na namba?"

Athman aliinua kalamu kwa huzuni. "Namba moja iko kwa mguu wa kushoto. Namba nne naona iko kulia. Hizo mbili zingine zimeingia kwa jiko. Nilimwambia. Akasema karatasi si mtu."

"Na kwa nini umezipasha?"

Ngatia alishangaa kweli kweli. Kwetu, ukiingia baa hata ya kijijini, kabla hujakaa unaulizwa: moto ama baridi? Na Ngatia katika maisha yake yote hajawahi kujibu baridi. "Theuri," akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "umepatia watu pombe ya barafu mwezi wa Julai, halafu unauliza kwa nini wamenuna?"

Nikaleta nyama. Hakukuwa na la kufanya tena. Tulikaa karibu na jiko, magoti yakigusana, tukanawia mikono kwenye karai lile lile, tukala nyama ya Athman kwa chumvi na pilipili, na kila mtu akajimiminia anachotaka. Na hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu. Zile chupa zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa moto. Zilikuwa vuguvugu kidogo tu, kama mkono wa mtu aliyetoka kufua na kujifuta. Ukali ulikuwa umelala. Moja ilinuka tunda, nyingine ilinuka kama shamba la kahawa siku ya kwanza ya mvua. Nilikuwa sijui kwamba divai inaweza kunuka kitu ninachokijua.

"Sasa wamerudiana," Ngatia akasema, akitafuna.

Kwa kuwa picha zilikuwa wazi, mabishano yakaanza. Shiro aliishika ile ya dhahabu mara moja.

"Hii. Hii ndio nilikuwa nasema tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo ulisema zote ni dawa ya minyoo," nikamwambia.

"Si hii. Angalia medali. Mama Gatimu akiona hii medali atakaa chini mwenyewe." Akaiweka chini kwa heshima, akachukua nyingine, akajimiminia, akaendelea kuisifu ya medali.

Ngatia alitetea nanga, kwa sababu nanga ni chuma na chuma ni kitu cha kueleweka. Mimi nikasema kasuku si mbaya. Tulibishana hivyo mpaka nyama ikabaki vipande vitatu. Athman alisoma majina kwa mbali, kichwa kikiwa kimeinama upande. "Shiraz," akasoma. "Babu yangu alikuwa akisema sisi asili yetu ni Washirazi. Sikujua tunauzwa elfu moja na mia tatu." Kisha akakohoa.

"Naweza kusema kitu? Mimi sijaonja."

"Sema, Baba Sumeya," nikamwambia Athman.

"Kwa bucha yangu, mtu anaingia, anasifu filleti. Anasifu mpaka unafikiri ataioa. Halafu ananunua matumbo nusu kilo anaenda. Mimi sifa siandikangi. Jioni naangalia ni nini imeisha." Akanyoosha kalamu. "Shiro, ya medali imejaa. Hujaigusa tangu uanze kuisifu. Mzee, nanga yako iko nusu. Kasuku iko nusu. Hiyo ingine nyinyi wote mnaimwaga bila kuongea."

Tukageuka wote watatu. Ya wilbaro ilikuwa mkononi mwa Ngatia, imepinduliwa juu ya glasi yake, na tone la mwisho lilikuwa linakataa kutoka.



"Wilbaro!" Shiro akasema. "Hapana. Baba Lynn, hapana. Huyo mama ametoka Perth na ndege, unampea wilbaro? Si afadhali umpe jembe kabisa?"

"Wewe umekunywa glasi tatu," Athman akasema. "Nimeandika."

"Nilikunywa nikiwa sijaangalia!"

"Ndio maana."

Shiro akafikiri, kisha akaja na mpango. Tuimimine kwenye majagi. Hakuna atakayeona picha, na kama mtu akiuliza, chupa ya medali iwe imesimama pale karibu, bila kusema neno. Nakiri kwamba mpango huo ulinivutia. Lakini Nyaguthii alipokuwa akiuza parachichi hakuwahi kupanga mazuri juu na mabovu chini, na aliwahi kumrudishia mtu hela kwa parachichi moja lililokuwa na doa ndani, ambalo hata Mungu hakuwa ameliona. Nikasema chupa zitakaa mezani na picha zake.

"Basi mimi simo," Shiro akasema. "Wakicheka, ni wewe."

"Ni mimi."

Nikanunua ishirini na nne.

Jumamosi yenyewe ilipofika, ukungu ulikuwa umekaa juu ya ua kama blanketi lililoanikwa. Wageni walifika saa tano, wakaimba langoni, wakatoa ahadi za uongo na kweli mpaka wakafunguliwa. Wazee wakaingia hemani. Mimi nilitakiwa kuwa nao, kwa sababu mbuzi wanaozungumziwa ni wa binti yangu, lakini nilimwachia kaka yangu kiti nikasema nina tumbo. Nilikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya pazia, nikiwa na sinia ambalo sikujua ni la nini. Sebuleni wanawake walikuwa wameketi mpaka kwenye mikono ya makochi. Jikoni Ngatia alikuwa amezizungushia chupa majiko mawili, umbali wa mkono mmoja, akizigeuza na kuzigusa shingo kama mtu anayepima homa.

Mama Gatimu nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa mdogo wa mwili, ndani ya jaketi nene lililovimba, na ndiye peke yake ambaye hakuwa anatetemeka. Alionja uji wa Shiro. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Wanawake wengine nao wakatikisa. Uji ulikuwa umepita.

Kisha Lynn mwenyewe akamletea divai. Nilimwona anavyoishika chupa, kidole gumba juu ya ile picha. Mama Gatimu akakiondoa kile kidole polepole, akaigeuza chupa kuelekea dirishani.

"Wilbaro," akasema.

Mwanamke mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Shiro alikuwa amekaa kwenye kona akitazama dari, na kwa mara ya kwanza nilielewa kile ambacho wale wataalamu wa kahawa walikuwa wanatafuta kule juu. Niliwaza, sasa anaisema. Ile nyumba haina mama. Sasa ataisema.

Akanywa. Akashusha glasi, akaitazama, akaishika kwa mikono yote miwili, akanywa tena.

"Hii imepashwa," akasema.

Akakaa vizuri kochini.

"Niwaambie ukweli, na Gatimu asisikie. Huko Perth tulikuwa tunakunywa ya katoni. Iko na mfereji, kama tangi. Unafungulia tu. Chupa tulikuwa tunaona Krismasi, na ilikuwa baridi mpaka meno inalia. Miaka mbili nimeambia hao watu, nipashieni kidogo, mimi ni mtu wa Nanyuki. Bibi ya kijana yangu akaniambia, mum, waini haipashwi." Akanywa mara ya tatu. "Na kumbe inapashwa."

Wanawake walicheka mpaka kochi likalia. Glasi zikaanza kunyooshwa kutoka pande zote. Nilidhani yameisha, nikaegemea ukuta. Hayakuwa yameisha.

"Sasa," Mama Gatimu akasema, akisimama. "Mama wa hapa tunajua amelala. Mungu amrehemu. Lakini hii kitu mtu hawezi kununua kwa kubahatisha. Kuna mtu amekaa chini akaonja mahali pa mama. Tumekuja na leso yake. Huyo mtu ni nani?"

Hilo tulikuwa tumelipanga. Shiro ndiye angesimama kwa niaba ya dada yake na kufungwa leso ya mama wa msichana. Alikuwa hata amevaa nguo inayofanana nayo. Nikamwona anainuka, anajinyoosha sketi, anafika katikati. Halafu akakaa tena.

"Mimi nilitaka ile ya medali," akasema. "Mtu mwenyewe ni huyo ako nyuma ya pazia. Huyo ako na sinia."

Vichwa hamsini vikageuka. Nilijaribu kurudi jikoni lakini Ngatia alikuwa mlangoni na chupa mbili, na hakunipisha.

Nilivutwa na mikono ambayo sikuweza kuihesabu. Leso ilikuwa ya manjano na nyeusi. Mama Gatimu alinifunga mabegani juu ya koti, akanifunga na ya pili kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari, na akaniambia sikioni, "Umefanya vizuri, mama Lynn." Hakuwa anacheka. Lynn alikuwa ameweka mkono mdomoni na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikuweza kujua ni kwa nini hasa, kwa sababu na yangu yalikuwa yanatikisika vile vile.

Hapo likaja suala la ngemi. Wanawake wetu wanapomshangilia mtu hupiga vigelegele kwa hesabu: mvulana vitano, msichana vitatu. Walikuwa wameshavuta pumzi wote pamoja, ndipo mama mmoja mnene wa Nanyuki akainua mkono.

"Ngojeni. Tunapiga ngapi?"

"Tano. Ni mwanamume."

"Ameonja kama mama, amevaa kama mama. Ni tatu."

"Utapigia mzee mzima wa kanisa tatu?"

"Na wewe utapigia leso tano?"

Wakabishana huku nimesimama katikati yao nimefungwa kama kifurushi, na pumzi zao zikiwa bado zimezuiwa, wengine wameanza kuwa wekundu. Kule hemani wazee walikuwa wamekubaliana idadi ya mbuzi kabla ya sisi kukubaliana. Mwishowe Mama Gatimu akasema huko Perth watu wakishindwa kuelewana wanagawanya katikati.

Wakapiga vinne.

Sijui kama kuna mtu mwingine Nyeri nzima aliyewahi kupigiwa vinne. Nimeandika hapa ili isije ikasahaulika, na pia kwa sababu Shiro ameshaanza kuwaambia wateja wake saluni kwamba vilikuwa vitatu, na kwamba ile divai ni yeye aliyeichagua.